Vitumbua vya Hashim, alivyofundishwa kwa simu

Saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Korogwe. Hashim Mhina anageuza vitumbua kwa kijiti huku dereva wa bodaboda akimuuliza kama vya leo vinatafunika. Hashim anamwongezea kimoja cha bure.

"Hawa walikula kokoto zangu na hela wakalipa," anasema. "Leo nitawanyima nini?"

Jiko ni la mkewe, Mwanaidi. Mwaka 2020 alikwenda Mombasa kumuuguza dada yake aliyejifungua kwa shida, akiaga kwa wiki mbili tu. Korona ikaingia, mpaka wa Horohoro ukafungwa kwa abiria. Malori ya mizigo yanapita, mke wa mtu hapiti.

Hapa stendi meza ikikaa tupu siku chache, mwingine anabandika sufuria yake. Bibi Getruda, muuza supu wa meza ya jirani, akamwita Hashim aje ailinde. Hashim alikuwa mkata mkonge. Jikoni alijua kula tu.

Siku ya kwanza alisaga mchele bila kuuloweka. Vitumbua vikagoma kuumuka. Bodaboda wakatafuna hivyo hivyo, wakiapa kumshitaki kwa mkewe.

Mwanaidi akaanza kufundisha kutoka Mombasa. Hashim anaweka simu karibu na chuma cha kukaangia, mkewe anasikiliza mafuta.

"Bado, baba Maryamu, hayajachangamka," anamwambia. "Haya, sasa mimina."

Hashim anacheka akikumbuka, kisha anapunguza sauti. "Wenzetu walijuliana hali. Sisi tulijuliana mafuta. Lakini nikimsikia pale mezani, moyo unatulia."

Miezi ikapita. Mpaka ulipofunguliwa, Mwanaidi alishuka kwenye basi akaikuta meza pale pale. Kabla ya kumfikia mumewe alipita kwa Bibi Getruda, akamwamkia shikamoo na kumshukuru kwa kumtunzia nafasi.

"Marahaba, mwanangu," bibi akamjibu. "Meza haikunisumbua. Kazi ilikuwa huyo mumeo."

Sasa Mwanaidi anakoroga, Hashim anachoma. Wanataka kuuza na Chanika, Handeni, karibu na wazazi wa Hashim. Hashim alijitolea kwenda peke yake kuanza.

Mwanaidi hataki hata kusikia. "Nimeshakaa mbali na huyu. Imetosha."

Kwa hiyo siku za gulio watakwenda wote wawili, na jiko lao. Bibi Getruda ameshasema meza ya stendi ataikalia mwenyewe mpaka warudi.