Siku ya Kura Mlango Ulifungwa kwa Ndani

Watu walimwita Mama Mapazia. Alianza na cherehani moja ya mkono aliyoachiwa na mama yake, na kwa miaka mingi ya kuinama akafikia kuwa na chumba kizima cha kazi, chenye meza ndefu ya kukatia, pasi mbili na dirisha pana linalotazama barabara. Hakuchelewesha kazi ya mtu. Mteja aliyemletea kitambaa pungufu aliambiwa palepale, "Hiki hakitoshi, mama. Dirisha lako litavaa kaptula."

Chumba hicho kilikuwa pia mahali pa maombi. Kila Alhamisi cherehani zilisogezwa ukutani, mabenchi yakapangwa, na akina mama wa kanisa lao wakakusanyika. Mwanzoni walikuwa wakichomoka mmojammoja. Huyu ameacha sufuria motoni, yule simu yake inaita. Mama Mapazia akaweka utaratibu. Simu zote ziliingia kwenye ndoo yenye mfuniko, mlango ukafungwa kwa ndani, na ufunguo ukakaa kifuani mwake mpaka aseme amina ya mwisho. Wiki ya kwanza wenzake walinung'unika, ya pili wakazoea, ya tatu wakaanza kujisifu. Vikundi vingine vilikuwa vinaomba tu, wao walikuwa wanajifungia.

Mwaka ule wifi yake aliamua kugombea udiwani. Wifi huyu, mdogo wa mume wake, alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, na watoto wengi wa shule ya jirani walikuwa wamepita mikononi mwake. Hakuwa na hamu ya siasa. Ila diwani aliyekuwapo, mwenye kituo cha mafuta, alikuwa ametangaza kwenye mkutano wa hadhara kwamba wodi ya wazazi itafungwa na jengo litapangishwa kwa maduka, kwa kuwa hospitali kubwa haiko mbali. "Haiko mbali kwa mwenye gari," wifi alimjibu mbele ya watu wote, na kesho yake akachukua fomu.

Akaenda kwa Mama Mapazia kumpa habari.

"Wifi, kwa hiyo umeamua kujipaka matope," Mama Mapazia alisema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Matope yataoshwa. Nataka kura yako."

"Mimi na siasa wapi na wapi. Lakini nitakuombea, tena nitakuombea mpaka mbingu zichoke."

"Niombee. Na siku yenyewe uje na wenzako mpange foleni."

"Hilo nalo la kuniambia? Au unataka nije na tarumbeta?"

"Njoo hata na cherehani kichwani, wifi, ilimradi ufike."

Wakacheka. Mama Mapazia alimpenda wifi yake, na alitaka ashinde. Ila alitaka pia kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Alitaka ushindi huo utokee chumbani kwake. Akilini alikuwa amekwisha kumwona wifi, diwani mpya, akisimama kanisani siku ya shukrani na kusema kwamba asingefika pale bila maombi ya Mama Mapazia. Alikuwa amefika hata kwenye nguo atakayovaa yeye siku hiyo.

Uchaguzi ulikuwa Jumatano. Kituo cha kura kilikuwa shule ya msingi iliyo mkabala na dirisha lake, ng'ambo ya barabara. Mama Mapazia aliitisha mfungo na maombi kuanzia asubuhi. Muuza mitumba, binti aliyekuwa mdogo kuliko wote kikundini, alisimama mlangoni na kadi yake ya kura mkononi.

"Mama, si tuanzie kule shuleni kwanza? Foleni bado fupi."

"Tunaanza na Mungu, mwanangu. Foleni haikimbii."

Ndoo ya simu ikapita. Ufunguo ukageuka.

Yalikuwa maombi mazuri, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Walilia, waliimba, walimtaja wifi kwa jina, wakaitaja wodi, wakawataja watoto ambao hawajazaliwa. Mchana mume wake, fundi rangi wa majumba, alipita akagonga kioo cha dirisha na kuinua kidole chenye wino. "Nyie humo ndani, foleni imepungua. Tokeni mara moja mpige, mrudi." Mama Mapazia alinyoosha mkono, akavuta pazia.

Jua lilipoanza kuinama muuza mitumba alinyanyuka tena. "Mama, nifungulie kidogo. Nitakwenda mbio."

"Mlango ukifunguka sasa, tumekatisha. Wako waliopewa kupiga kura na wako waliopewa kuomba. Sisi tumepewa kuomba."

"Amina," wakaitikia wengine. Binti akaketi.

Walipotoka, geti la shule lilikuwa limefungwa na waliokuwa kwenye foleni ndani ya uzio walikuwa wakimalizia. Mama Mapazia alimwendea askari aliyesimama pale.

"Mwanangu, tulikuwa kwenye maombi."

"Poleni, mama. Saa zimekwisha."

"Tuko hapa tu mkabala. Tulikuwa tunauombea uchaguzi wenyewe."

"Basi endeleeni kuuombea," askari alisema, na hakuwa na kejeli. Alikuwa amechoka.

Akina mama walitazamana, kisha wakatawanyika bila kuagana vizuri. Mama Mapazia aliwaambia migongo yao kwamba Mungu hashindwi.

Matokeo yalibandikwa kesho yake. Mume wake alikwenda kuyasoma, akarudi, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Kashindwa," alisema.

Mama Mapazia aliendelea kupinda ukingo wa pazia. "Kwa kura nyingi?"

"Tisa. Mlikuwa wangapi humu ndani?"

Mama Mapazia alitazama mabenchi, akaanza kuwakumbuka kwa nafasi zao: mama wa genge, mke wa mchungaji msaidizi, dada wawili wa saluni. Alipofika wa kumi aliacha, kwa sababu kulikuwa na benchi zima bado. Mume wake alichukua ndoo zake za rangi, akaenda kazini, na Mama Mapazia alitamani sana angegomba.

Siku zile hakwenda kwa wifi. Alimtumia ujumbe kwamba Mungu ana mpango wake, na mara tu ulipoondoka akatamani kuurudisha. Ni Mungu yupi aliyevuta lile pazia? Alipojaribu kuomba, maneno yalikuja, maana alikuwa na maneno mengi, lakini kila alipofumba macho aliliona geti la shule. Siku nzima alikuwa amemwomba Mungu amfanyie kazi ambayo Mungu alikuwa amemwekea ng'ambo ya barabara.

Kilichomchoma zaidi ni kidole. Mtaani kila mtu alikuwa na alama ya wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, muuza maziwa, mwalimu, hata bibi kizee wa jirani aliyebebwa na wajukuu hadi kituoni. Chake kilikuwa cheupe. Mteja alipoingia alikikunja ndani ya kiganja, na alipopima kitambaa alipima kwa mkono wa kulia tu.

Jumamosi alifanya jambo la kijinga. Mafundi wa nguo wana kalamu ya kuchorea vipimo, yenye wino wa zambarau, ambayo mistari yake hufutika kitambaa kikiguswa maji. Aliichukua, akakipaka kidole kidogo cha kushoto kuanzia ukucha hadi kwenye ngozi, akapuliza, akapaka tena. Jumapili, baada ya kuoga, akarudia. Mume wake aliona. Alifunga kifungo cha shati, akakifungua, akakifunga tena.

"Twende," alisema. "Tutachelewa."

Kanisani, wimbo wa kusifu ulipoanza, mikono iliinuka, na vidole vyenye wino vikainuka pamoja nayo. Akina mama wa kikundi chake waliweka mikono yao chini, au waliinua wa kulia peke yake. Mama Mapazia aliinua yote miwili. Kisha akahisi anatazamwa. Muuza mitumba, safu moja nyuma upande wa pili, alikuwa akikiangalia kidole chake. Binti yule hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Aliinamisha macho sakafuni, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mkubwa wake humo.

Ibada ilipokwisha wifi alimfuata uani, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili.

"Wifi, nimeambiwa mlijifungia siku nzima. Nikasema hao ni waongo, wifi yangu hawezi kunifanyia hivyo." Akakigeuza kidole juani. "Kumbe ulitoka. Ahsante."

"Si kitu," Mama Mapazia alisema.

Ndivyo uwongo ulivyokamilika, kwa maneno mawili, uani mwa kanisa.

"Twendeni kwangu tule," wifi alisema. "Nimeshindwa uchaguzi, sijashindwa kupika."

Nyumba ya wifi ilikuwa na sebule ndogo, meza ya mbao na kalenda ya chanjo ukutani. Chakula kikaletwa, kikafunikwa. Kisha wifi akaja na jagi la maji, beseni na kipande cha sabuni, taulo limelala begani. Alianza na kaka yake. Mume wa Mama Mapazia alinawa taratibu, akasugua, na wino wake ulibaki palepale. Beseni likageuka upande wa mke wake.

Mama Mapazia aliuacha mkono wa kushoto chini ya mtandio.

"Lete mikono, wifi, chakula kinapoa."

"Sikupiga kura."

Wifi alibaki ameinamisha jagi. Maji yakaendelea kumiminika kwenye beseni.

"Na hicho kidole?"

"Kalamu ya kuchorea vitambaa."

Wifi alitoa kicheko kifupi, cha puani. "Na wenzako?"

"Hakuna aliyepiga. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Yule binti wa mitumba aliniomba mara mbili nimfungulie, nikakataa. Kaka yako aligonga dirisha, nikavuta pazia."

Mume wake aliitazama kalenda ya chanjo kana kwamba ana mtoto wa kupeleka.

"Kwa nini?" wifi aliuliza.

Angeweza kusema ni bidii ya maombi. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa tayari mdomoni. "Nilitaka ushinde kwa ajili yangu," alisema. "Watu waseme ni mimi."

Wifi aliweka jagi mezani. Sauti yake haikuwa ya kugomba.

"Mimi nikipokea mama mwenye uchungu ninaomba, wifi. Kila mara. Ninaomba na mikono iko kazini. Sijawahi kumfungia mama mlango, nikakaa upande wa pili nikamwombea."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Leo sijafika huko." Akachukua jagi. "Nawa."

Mama Mapazia alitoa mkono. Maji ya kwanza tu yaligeuka zambarau, yakazunguka kwenye beseni, na wote watatu wakayatazama kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutazama. Wifi hakuacha kumimina mpaka kidole kikawa safi, kisha akampa taulo. Wakala. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo nalo lilimwumiza.

Hata sasa hajui alisema kweli kwa sababu ya dhamiri au kwa sababu ya yale maji. Angependa kuamini ni dhamiri. Lakini anajua kwamba kama siku ile wangekula kwa vijiko, pengine angekaa kimya.

Walipokuwa wakiaga, wifi alimwambia kwamba baraza litakaa mwezi ujao kuamua habari ya wodi, na wananchi wanaruhusiwa kusema.

"Nitakuja," Mama Mapazia alisema haraka. "Nitasimama niseme."

"Usiniambie mimi. Mimi nimekwisha kuambiwa sana."

Barabarani alimwomba mume wake atangulie nyumbani. Yeye alikata kona kuelekea kwa muuza mitumba. Alimkuta barazani akikunja nguo na kuzipanga, za watoto upande huu, za wakubwa upande ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alibaki amesimama. "Ulikiona kidole."

"Nilikiona."

"Ule wino sikuupata kule shuleni. Ulikuwa unajua. Na wewe ulikuwa na kadi mkononi, nikakukalisha. Nimekuja kukuambia nilikosa mimi."

Binti alikunja sketi, akaipapasa isiwe na makunyanzi. "Ningesema lazima nitoke, ungenishika kwa nguvu?"

"Hapana."

"Basi nami nina langu. Nilikaa kwa sababu ilikuwa rahisi kukaa. Nilijua nikirudi bila kura nitasema ni mama alikataa."

"Usinipunguzie, mwanangu."

"Sikupunguzii. Nasema langu." Akasogeza rundo la nguo, benchi likapata nafasi. Mama Mapazia aliketi. Alikuja amejiandaa kusutwa, akapewa mahali pa kukaa, na aibu ikamkaa vibaya zaidi kuliko asubuhi.

Baada ya muda alimweleza habari ya baraza, na kwamba yeye atakwenda kuitetea wodi hata kama watamwuliza alimpigia nani kura. Akamwuliza kama wanaweza kwenda pamoja.

Kwa miaka yote ile, chumbani kwake, alikuwa akisema neno na benchi zima linaitikia amina. Muuza mitumba aliokota blauzi, akaitazama mishono, akaiweka kwenye rundo la wakubwa.

"Nitafikiria, mama," alisema.

Mama Mapazia alitikisa kichwa kukubali, akavuta nguo iliyokuwa karibu naye, akaanza kukunja.