Nani Kachinja Hii Soseji?

Nilipokuwa Mwanza juzijuzi, binti wa kaka yangu alinipeleka kula hotidogi pamoja na rafiki zake wawili. Usicheke. Siku hizi hotidogi ni chakula cha kuvalia nguo nzuri. Inaletwa juu ya kibao, skonzi imepakwa siagi, soseji imenona, vitunguu vimekaangwa hadi vikawa na rangi ya asali, jibini inachuruzika pembeni. Ziwa lilikuwa pale chini na mawe yake. Rafiki mmoja, binti mpole mwenye ushungi, aliagiza juisi ya pasheni tu. Alisema hana njaa.

Mimi nikamwuliza mhudumu, "Mwanangu, hii nyama kachinja nani?"

Binti wa kaka yangu akanifinya paja. "Shangazi, jamani! Hapa watu hawaulizi hivyo."

Wanauliza. Niliuliza swali hilohilo katika mji huuhuu nikiwa msichana mdogo, na sijaona sababu ya kuliacha.

Nililelewa na bibi yangu, mtaa wa Mabatini. Bibi alitoka mwambao wa Mara, Mkristo wa kuimba kwaya hadi sauti ikamkauka. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, na kwetu kuku hakuchinjwa mpaka fundi aitwe. Iwe Krismasi, Pasaka au ubatizo, nilitumwa mimi. Fundi alikuja na kisu chake kilichoviringishwa kwenye kitambaa, akasema bismillahi yake, akachinja, akarudi kumalizia suruali ya mtu. Mchana nyumba zote mbili zilikula sinia moja, mikono ikigongana kwenye ugali. Wapo waliomsema bibi kanisani. Aliwajibu, "Yesu hakuniambia nile peke yangu," akaendelea kupepeta mchele wake.

Kisha ikaja miaka ile ya ruksa. Maduka yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu. Viwanda vya minofu ya samaki vikafunguliwa kando ya ziwa, sangara wakaanza kupanda ndege, sisi tukabakiziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Sitayasema vibaya mapanki. Yakitoka kwenye mafuta yakiwa bado yanalia, ukayatia ndimu na pilipili, unasahau kwamba nyama yake iko Ulaya. Na karibu na Mirongo ukafunguliwa mgahawa wenye feni, viti vyeupe vya plastiki na picha ya soseji ukutani.

Tulikuwa marafiki watatu: mimi, binti wa fundi, na binti wa mwalimu wetu wa hesabu. Tulipochaguliwa kwenda sekondari, mjomba wangu aliyefanya kazi kiwandani alitugharamia tukaonje hiyo hotidogi. Hatukuwa na mazungumzo mengine mtaani. Fundi alimshonea binti yake gauni jipya la siku hiyo, la bluu, lenye kola nyeupe.

Sahani zikaja. Harufu yake, acha tu. Binti wa fundi hakugusa. Akaninong'oneza, nami nikapaza sauti: "Shikamoo, mzee. Tunaomba kujua, hii nyama kachinja nani?"

Mwenye mgahawa alicheka mpaka wateja wa meza nyingine wakageuka. "Soseji haichinjwi, mtoto. Inatoka kwenye friji!"

"Ni nyama ya nini?"

"Nyama ni nyama. Asiyetaka ale mkate."

Watu wakacheka. Binti wa fundi akainamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pindo la gauni lake. "Nyie kuleni tu," alisema. "Mimi nimeshiba."

Ameshiba nini? Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, akiisubiri soseji. Niliona hasira ikinipanda mpaka masikioni. Tungekula mbele yake, tungerudi mtaani watatu lakini urafiki ungebaki pale mezani.

Binti wa mwalimu alisimama, akavuka barabara hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki, akarudi na sato kwenye gazeti linalovuja mafuta. Samaki hachinjwi. Samaki ni wa wote. Tukasukuma sahani za soseji pembeni, tukaagiza skonzi tupu kwenye sahani moja safi, tukanawa kwa maji ya kunywa, tukaanza kuzijaza samaki.

Mwenye mgahawa akaja mbio. "Chakula cha nje hakiliwi humu!"

Binti wa mwalimu akamtazama. "Huyu katoka ziwani, hapo chini. Cha nje ni hicho cha kwenye friji yako."

Safari hii wateja hawakucheka nasi wala naye. Tukala polepole, kwa makusudi, tukitoa miiba kwa vidole na kuipanga ukingoni mwa sahani. Haradali ya pale mezani ilitutoa machozi. Binti wa fundi alikula kuliko sisi sote, na tone la mafuta likaangukia kola nyeupe, wala hakujali.

Mgahawa ule sasa ni duka la simu. Mama wa samaki alishaondolewa barabarani. Bibi na fundi wamelala, kila mmoja kwenye makaburi ya watu wake, na nyumba zile mbili zimetenganishwa na ukuta wenye vigae vya chupa juu. Hayo nayavumilia. Nisilolivumilia ni watu kuketi meza moja, mmoja akasema hana njaa, na wenzake wakamwamini.

Mhudumu alirudi kutoka jikoni. "Mama, samahani, hata mpishi hajui."

"Basi ondoa vibao hivi, nitavilipia. Tuletee sato mkubwa, sahani moja, na maji ya kunawa."

Binti wa kaka yangu alijifunika uso. Maji yakaja. Yule binti asiyekuwa na njaa ndiye aliyenawa wa kwanza.