Skrini Iliyojigusa

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa hata kiti. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini katika nyumba moja ya mawe pale Mkunazini, na humo tukitengeneza redio, televisheni, na baadaye kompyuta. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nimevaa buibui jipya, nikidhani kazi yangu itakuwa kuwapokea wateja. Akaniwekea mezani redio iliyoletwa kutoka shamba, akaniambia niifungue nimweleze kwa nini haisemi. Ndani kila kiungio kilikuwa kimeota ukungu wa kijani.

"Chumvi hiyo," alisema. "Kisiwa hiki hewa yenyewe inakula shaba. Ukikuta chombo kimekufa, Zuwena, usikimbilie ubongo wake. Tazama mishipa kwanza."

Kwake nilijifunza kuunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa, kupima umeme na kunyamaza mteja anapofoka. Alipofunga karakana kwa uzee, nilihamia kampuni iliyokuwa ikihudumia mizani na mashine za risiti katika maduka ya Darajani na mahoteli ya pwani. Mkubwa wangu huko, Msimamizi wa Mitambo, alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyenifundisha mlango wa seriali. Ni tundu la kizamani nyuma ya kompyuta, na habari hupita humo herufi moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaofuatana kwenye uchochoro mwembamba. Waya mmoja unasema, mmoja unasikia, na wa tatu unawaweka wote wawili kwenye kipimo kimoja cha umeme. Vijana wa leo wamezoea kuchomeka kitu kikajitambulisha chenyewe. Cha seriali hakijitambulishi. Usipojua kasi yake na lugha yake, mtakaa mnatazamana.

Kazi yangu ya mwisho, na ndiyo ninayotaka kuisimulia, ilikuwa katika kiwanda cha barafu, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Chwaka. Kilikuwa mali ya mtu binafsi. Wavuvi, wachuuzi wa samaki na mahoteli ya Paje na Jambiani walikuwa wakichukua barafu kwetu.

Barafu ile iligandishwa kwa amonia. Ni gesi inayozungushwa ndani ya mabomba na mashine kubwa inayoitwa kompresa, na ikiwa ndani ya bomba ni mtumishi mwema. Ikitoka nje inachoma macho, inafunga koo, na katika chumba kisicho na dirisha inaua. Mabomba yetu yaligawanywa sehemu mbili, na kila sehemu ilikuwa na valvu ya umeme iliyofunguliwa na kufungwa kwa kugusa skrini katika chumba cha udhibiti. Palikuwa pia na valvu za mkono, lakini ile ya sehemu ya pili ilikuwa imeganda kwa kutu, haizunguki.

Masika moja radi ilipiga nguzo iliyokuwa jirani. Sanduku linaloamrisha valvu lilisalimika, lakini skrini na kompyuta yake viliungua, na walioviunda walikuwa wameacha zamani kuviunda. Kiwanda kikasimama. Mhandisi Mkuu, Mpemba mtulivu aliyekuwa akisali kwanza ndipo ajibu swali gumu, aliamua tutumie kompyuta ya kawaida yenye Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria, yaani ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Yeye aliandika upya programu ya kuonyesha valvu. Mimi nikapewa skrini ya kugusa ya kiwandani, yenye kioo kinene na waya wa seriali, niifanye ielewane na kompyuta ile.

Picha ilitokea mara moja. Kidole ndicho hakikutambuliwa. Nilianza kwa kuuliza mfumo kama unauona mlango wa seriali, ukajibu unauona. Nikafungua mlango ule nisome kinachoingia kikiwa kibichi, huku nikigusa kioo. Zikaja takataka tupu, kila mguso takataka zake. Hiyo ilimaanisha kasi si yake, kwa hiyo nikabadilisha kasi moja baada ya nyingine mpaka mguso wa pahala pamoja ukaleta herufi zilezile kila mara. Hapo nikatumia programu ndogo ambayo kazi yake ni kuuambia mfumo kwamba anayesema kwenye mlango huu ni skrini ya kugusa, na lugha yake ni hii. Kishale kinachofuata mguso kikaanza kutembea, ila kinyume: nikigusa kulia kinakwenda kushoto. Nikarekebisha namba za usawazisho, nikagusa alama za pembeni moja moja, hadi kishale kikatua chini ya ncha ya kidole. Mwisho nikapanga hayo yote yajiwashe yenyewe umeme ukikatika na kurudi, kwa kuwa umeme wetu tunaujua.

Nilikuwa na furaha, lakini nilimwambia Mhandisi Mkuu kuwa sikabidhi skrini ile mpaka niijaribu kompresa ikiwa inanguruma. Mota kubwa ikiwaka humwaga kelele za umeme kila upande. Akakubali. Alisema tusubiri kwanza Mcha abadilishe gasketi, kipande kinachoziba kiungo cha bomba.

Mcha alikuwa fundi wetu wa mitambo ya baridi, mtu wa Makunduchi, mcheshi, mwenye vidole vinene kama ndizi. Radi ilipopiga, kiungo kimoja cha bomba katika sehemu ya pili kilianza kuvuja. Ilibidi akifungue. Kwa desturi angefunga valvu ya mkono kwanza, lakini ndiyo ile iliyoganda. Mhandisi Mkuu alimruhusu kwa sharti moja: kompresa zote zibaki zimezimwa, na asiwashe mtu chochote hadi Mcha atoke. Alilisema hilo mbele yetu sote, kisha akaenda mjini kutafuta valvu mpya.

Hakujakaa sana, Meneja akaingia chumba cha udhibiti. Hakuwa mtu mbaya. Lakini tangu kiwanda kisimame hakulala vizuri. Mahoteli yalikuwa yameanza kuagiza barafu kwingine, na tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa ameshatamka neno la kufunga na kuwaacha watu. Sasa tajiri alikuwa njiani, anakuja kuona kwa macho yake. Meneja alitaka akifika akute mashine inalia.

Nilimkumbusha kwamba Mcha yumo ndani.

"Yumo sehemu ya pili," alisema. "Nnawasha ya kwanza tu. Ya pili si imefungwa? Skrini yako inasemaje?"

"Inasema imefungwa. Lakini sijaijaribu na mota. Mngoje atoke, bwana."

Nadhani alikubali, maana aliinua simu akamwita Pandu, mwendesha mitambo, aliyekuwa chumba cha kompresa. Kumbe alikuwa keshampa amri kabla hajaingia kwangu, na Pandu hakuisikia simu. Sakafu ilitetemeka chini ya miguu yangu. Mota ilikuwa imeshawaka.

Niligeuka kwenye skrini. Mikono yangu ilikuwa kifuani, hakuna aliyekuwa karibu na kioo kile, na kishale kilikuwa kinatembea. Kiliruka pembeni, kikarudi kati, kikatetemeka kama inzi kwenye taa. Nikaelewa: kelele za mota zilikuwa zimeingia kwenye waya wa seriali, na kompyuta ilizisikia kama vidole. Kishale kilitua juu ya alama ya sehemu ya pili. Alama ikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani. Valvu ilikuwa imefunguka, na kule ndani bomba lilikuwa wazi mbele ya uso wa Mcha.

Nilinyoosha kidole kuifunga. Kishale kilinikataa, kikaenda kilikotaka. Nikakumbuka kibodi, nikaona nitapoteza muda. Nikamsukuma Meneja kwa bega, nikakimbilia ukutani kwenye kitufe chekundu cha dharura nikakipiga kwa kiganja. Kiwanda kizima kikazimika. Valvu zile zina springi, umeme ukikatika hujifunga zenyewe, lakini iliyokwisha kutoka imeshatoka, na sasa Mcha alikuwa gizani nayo.

Tulipofika chumba cha mabomba alimokuwa Mcha, harufu ilikuwa imetangulia. Pandu alitoka mbio chumba cha kompresa na barakoa ya gesi usoni, akaingia. Mimi nilibaki mlangoni na mtandio puani, macho yakinitiririka, nikiita jina la Mcha. Nilikuwa nimezoea kumwita na yeye kuitika. Mara hii nilisikia tu viatu vya Pandu vikipapasa, kisha navyo vikanyamaza. Meneja alikuwa nyuma yangu akisoma dua kwa sauti ya chini, akikosea maneno na kuyaanza upya.

Halafu, kutoka chini kabisa, karibu na miguu yangu, ilikuja sauti iliyokwaruza: "Naam."

Mcha alikuwa amelala kifudifudi, akijikokota huku mkono mmoja ukifuata ukuta. Alijua amonia hupanda juu, na alijua chumba kile kuliko nyumba yake. Tulimburura nje, tukammwagia maji usoni na machoni, maji mengi, mpaka gari ikaja kumpeleka hospitali.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Tajiri alitaka kujua nani mkosaji, na watu walianza kusema kosa ni la huo mfumo wa bure, kwamba kitu kisichonunuliwa hakiaminiki. Mhandisi Mkuu hakubishana. Alituita sote chumba cha udhibiti, sanduku la valvu likiwa limetenganishwa na kompyuta ili lisiweze kufungua chochote, akaniambia nioneshe. Nilifungua mlango wa seriali kama nilivyofanya mwanzo. Mota ikiwa imezimwa, skrini ilikuwa kimya. Pandu alipoiwasha, herufi zikamiminika bila mtu kugusa. Tukaufuata ule waya hadi mwisho wake. Kipande chake cha ukutani kilikuwa cha zamani; waliokivuta walikipitisha njia moja na waya mnene wa kompresa, na ngozi yake ya chuma, inayopaswa kuungwa na waya wa ardhi ili kuzuia kelele, ilikuwa imeliwa na kutu. Linux ilikuwa imetii ilichosikia.

Meneja alisimama akasema, bila kuulizwa, kwamba amri ya kuwasha ilikuwa yake. Nilimheshimu kwa hilo. Tajiri hakumfukuza. Alitoa ruhusa ya waya mpya, njia mpya, na valvu ya mkono. Mhandisi Mkuu aliongeza kwenye programu kwamba kila amri ya valvu iulizwe mara ya pili kabla ya kutekelezwa.

Kiwanda kilipokaribia kufunguliwa tena, Mcha alirudi. Alikuwa amekonda, na sauti ilikuwa si ile. Gasketi ilikuwa bado haijabadilishwa, na hakutaka mwengine aifanye kazi ile. Alikuja kwangu asubuhi, akasimama mbele ya skrini.

"Bi Zuwena, ukiniambia imefungwa nitaingia."

Nilimwambia simwambii kitu. Nilimchukua hadi kwenye valvu mpya ya mkono, akaizungusha mwenyewe mpaka ikagoma, nikampa kufuli akaitia, na ufunguo akaufutika kwenye mfuko wa shati lake. Ndipo akaingia. Tangu siku ile hakuna aliyeingia chumba kile kwa namna nyingine, na mimi sikuwahi kuwa na nguvu ya kukaa chini hadi nimwone ametoka.

Nimestaafu. Ninaishi na binti yangu ghorofani, Mji Mkongwe, na vijana wa mtaani huniletea kompyuta zao. Ninawafundisha nilichofundishwa: kuuliza mashine imesikia nini kabla ya kuilaumu kwa ilichofanya. Wengi wanapenda kusikia habari za namba na amri, kwani ndizo zinazopendeza kuzijua. Mimi huwaambia pia wajue ni nani yuko upande wa pili wa waya, jina lake na kazi yake, na kama ametoka.

Mcha naye amestaafu. Ijumaa baada ya sala huja kunijulia hali. Hospitali walimwambia mapafu yake hayatarudi yalivyokuwa, na ngazi zetu ni ndefu, kwa hiyo hupanda akipumzika na kukohoa kila anapofika kwenye pindo, pale ngazi inapogeuka. Binti yangu huona uchungu, hutaka kushuka kumsaidia. Mimi hubaki kitini nikisikiliza kikohozi kile kikipanda, pindo kwa pindo, hadi mlangoni, kisha nainuka kumfungulia.