Jina la Kipepeo wa Ntalikwa

Mjukuu wangu ni msomi wa vipepeo. Mimi niliishia darasa la tatu, na namjivunia mpaka majirani hapa Isevya wananikimbia. Mwaka jana alizunguka Ntalikwa na wavu kama mtu anayefukuza kuku wa watu, akarudi na kasha la kioo. Ndani kuna kipepeo mweusi, mabawa ya nyuma yana doa la buluu, pini kifuani. Chini ameandika jina lake la Kilatini: Oenone.

Mwezi uliopita akajifungua binti. Alipomleta kwangu alisema mtoto ataitwa hivyo hivyo, na kesho yake anakwenda kumwandikishia cheti.

Nikamuuliza jina ni la nani. Kwetu Wanyamwezi jina lina mwenyewe. Mtoto anamrithi mtu. Akasema ni la mwanamke wa hadithi za kale za Wagiriki. Wagiriki ninaowajua mimi ni wale wa mashamba ya tumbaku, baba yangu aliwachumia majani. Nikasema haya, huyo mwanamke alifanya nini?

Akaanza kunisimulia. Alikuwa mganga wa mizizi, mumewe akamwacha akafuata mwingine. Baadaye mume akapigwa mshale wa sumu, akarudi kuomba dawa. Mke akamnyima. Mume alipokufa, mke naye akajiua.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kumnyima dawa sikumlaumu, hata mimi ningefikiria. Lakini jina la aliyejiua halipewi mtoto. Linazikwa naye.

"Bibi, mimi nimelichukua kwa kipepeo."

"Na kipepeo kalichukua kwa nani?"

Mtoto alikuwa analia tangu asubuhi, na kwetu mtoto akilia hivyo anaitwa majina ya wazee waliotangulia. Atakalonyamazia, ndilo lake. Nikampakata, nikazunguka naye chumba kizima. Nikamwita mama yangu. Akalia. Nikamwita shangazi, nikamwita bibi yangu, hata wazee waliokuwa hawapendani niliwaita. Jasho likanitoka.

"Limebaki moja," mjukuu akasema, ametulia kama yuko darasani.

Nilimrudishia mtoto nikamwambia ampe ziwa, nikatoka uani kufua nguo zilizokwisha kufuliwa. Niliogopa kulitamka, mtoto asije akanyamaza. Asubuhi alipokwenda kuandikisha sikumzuia. Jina la kumpa badala yake sikuwa nalo.