Barua ya Ruhusa ya Mhudumu wa Usevya

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja pale Mpanda. Kazi niliipata kwa mwandiko wangu mzuri, basi. Waraka kutoka wizarani ulishasema mtu asikabidhiwe mafaili ya serikali bila mafunzo, na kwamba mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kumpeleka. Bosi wangu aliusoma, akausaini, akanipa niutunze. Nikautunza mahali ambapo sikuweza kupakumbuka tena.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kwetu mgeni hata hajakaa sawasawa ameshaulizwa katokea wapi, nami nikayapanga mafaili hivyo hivyo: rafu ya Majimoto, rafu ya Sitalike, rafu ya Usevya. Mtumishi akihamishwa kituo, namhamisha na faili lake, bila kuandika popote. Barua inayotaja kituo chake cha zamani naitia rafu ya zamani. Nilijiona fundi kwelikweli.

Siku moja akaja mhudumu wa zahanati kutoka Usevya, mtu mzima, wa zile familia zilizohamia huku na ng'ombe zao. Alikuwa ameshtakiwa utoro kazini. Alikuwa amekwenda Shinyanga kumzika mama yake, kwa ruhusa ya maandishi. Nakala yake ilikuwa imeliwa na mchwa, na ya kwetu haikuonekana. Kikao cha nidhamu kilikuwa mwezi unaofuata. Bila barua ile, kazi hana.

"Dada yangu, nilikupa mkononi mwako," akasema. "Nyie ndio watunzaji."

"Siwezi kutunza kitu ambacho hakikuletwa!" nikamfokea mbele za watu. Hasira zangu ziko karibu tangu utotoni, na kwa hili bado naona aibu.

Wiki ile ile bosi akabanwa na wakubwa wa mkoa kuhusu ule waraka. Nikapakiwa kwenye treni kwenda Tabora, wiki mbili, nimenuna njia nzima. Nimalize miaka minne masjala, halafu nikafundishwe kupanga karatasi!

Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi. Akatufundisha kwamba mtumishi ana faili moja lenye namba moja, tangu siku ya kuajiriwa mpaka anastaafu, ahamishwe mara ngapi sijui. Kila barua inayoingia ipewe namba yake kwa mfuatano. Nikabisha: kwani lazima sheria itulazimishe kusoma mambo haya?

"Sheria haikukulazimisha kwa faida yako, mwanangu," akanijibu. "Ni kwa ajili ya yule asiyeruhusiwa kuingia masjala kujitafutia mwenyewe."

Akilini nikamwona yule mhudumu amesimama nje ya dirisha langu kule Mpanda.

Niliporudi Mpanda nilishusha rafu zote nikakaa sakafuni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi niliinama siku mbili. Barua ilikuwa rafu ya Sitalike, alikofanya kazi kabla ya Usevya, kwa sababu tu ilikitaja kituo kile. Ilikuwa na muhuri wa kupokelewa, na tarehe kwa mwandiko wangu mzuri.

Ningeweza kuichomeka kwenye faili lake kimyakimya. Nilitamani. Lakini niliipeleka kwa bosi na kusema mimi ndiye niliyeipoteza. Kikao kikamrudisha mhudumu kazini, nami nikaandikiwa barua ya onyo.

Alikuja dirishani kabla ya kupanda gari la Usevya. Nikamwomba radhi. "Yameisha, dada," akasema. "Pole na wewe kwa hiyo barua yako."

Namshukuru mtu yule, na yule mama wa miwani ya uzi, na hata waraka nilioupoteza. Bila wao ningeendelea kujiona fundi.

Mhudumu alipoondoka nilitoa faili langu, lenye namba yangu. Hakuna mtu angejua kama ile barua ya onyo ingepotelea rafu ya Majimoto. Niliipa namba inayofuata, nikaifunga mahali pake.