Konokono wa Ijumaa

Mji wa Lleida sijawahi kuuona, na nauchukia. Uko Uhispania, kwa Wakatalani, mbali na bahari, na wakati wa baridi ukungu huufunika hata wiki nzima. Haya yote niliyajua bila kuuliza, nikiwa jikoni Abu Hamour, mtaa mmoja wa Doha, nikikoroga konokono.

Madam, mzaliwa wa mji huo, aliniajiri nimtunze baba yake mzee. Tulielewana tangu siku ya kwanza kwamba Ijumaa asubuhi ni yangu. Hapa Doha ibada yetu kubwa ni Ijumaa, siku ya mapumziko, na kutoka kwao hadi kiwanja cha makanisa, ambako Wakristo wote husali kwa zamu, nilikwenda kwa miguu. Wiki nzima nilikuwa mtu wa kuinua mgonjwa na kumwogesha. Ijumaa nilikuwa mwimbaji, na watu waligeuka kuniangalia.

Kisha Madam akaanza kuwaalika watu wa kwao chakula cha mchana, Ijumaa hiyo hiyo. Konokono wa mkebe waliletwa kwenye masanduku kutoka huko, maana ndicho chakula wanachojivunia. "Nisaidie leo tu," aliniambia. Wiki iliyofuata ikawa leo tu tena, na baadaye hakusema hata hiyo leo. Kutoka dirisha la jikoni niliwaona wenzangu wakipita wamevaa vizuri, nami nanuka kitunguu saumu.

Mwenzangu wa kwaya alinipigia simu. "Uko wapi? Choir imeanza na hakuna mtu wa soprano."

"Niko na konokono."

"Na nini?"

Nilikata simu. Nilikuwa na hasira hata kwake.

Mezani wageni walikula na kuulilia mji wao. Mzee ndiye aliyeongoza, kwa Kiingereza, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameoa mke asiyejua lugha yao. Nadhani alipenda pia nisikie. Kanisa lao kuu liko juu ya kilima, katikati ya mji. Zamani walishindwa vita, mfalme akalitwaa, akaweka wanajeshi ndani. Walijenga sakafu ya pili humo humo kanisani ili wapate pa kulala. Zaidi ya miaka mia mbili watu wa mji walilitazama kanisa lao kutoka chini, wasiruhusiwe kuingia kusali. Akifika hapo mzee hulia, na Madam humfuta machozi kwa kitambaa nilichokipiga pasi mimi.

Nilivumilia hadithi hiyo Ijumaa nyingi. Siku moja nilipoleta sufuria mezani nikamuuliza, "Baba, hao wanajeshi walikuwa wakifanya nini humo kanisani?"

Alifurahi kuulizwa. "Walilala. Walipika."

"Mimi nami napika," nikasema. "Kanisa langu liko pale, ng'ambo ya barabara. Nalitazama dirishani."

Mzee aliinamia sahani yake. Ni Madam aliyejibu, kwa upole, kama anayemweleza mtoto: "Lakini lile ni kanisa kuu, la karne nyingi. Lenu ni jengo la juzi tu."

Nilivua aproni nikaiweka juu ya mkate wao. Nilijua kazi imekwisha, na kweli kesho yake niliambiwa nifunge virago. Sasa nakaa mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na wenzangu, na natunza mgonjwa wa watu wengine.

Siku hiyo nilivuka barabara na ndara zangu za jikoni. Ibada yetu ilikuwa imekwisha, kwaya imetawanyika. Ndani walikuwa Wahindi, ambao zamu yao hufuata yetu, wakisali kwa lugha yao ambayo siijui hata salamu. Mama mmoja aliniangalia miguu, akainusa harufu yangu, kisha akasogea kunipisha. Nikaketi.

Waliposimama kuimba nikasimama nao. Sikuyajua maneno, basi niliimba yangu, kwa sauti yote.