Seli Zilizokufa kwa Adabu

Kwa miaka ishirini na miwili Hatsue Kuramochi hakuwahi kulala nje ya mji wa Kobe zaidi ya usiku mmoja, na aliyemzuia hakuwa mume wala mtoto. Zilikuwa seli. Seli shina, zile ambazo wataalamu huzichukua katika damu ya mtu mzima, huzirudisha utotoni, kisha huzilea upya ziwe kitu kingine: moyo, ini, au, kama ilivyokuwa katika maabara ya Profesa Nagatsuka, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho wa kuwapandikizia watu wanaoanza kupofuka. Magazeti yaliandika kwamba haya ni mapinduzi ya tiba. Hayakuandika kwamba mapinduzi hayo hula kila siku, hayajui Jumapili wala mwaka mpya, na yakicheleweshewa chakula hununa, hujikunja pembeni mwa kisahani na kufa.

Mlishaji alikuwa Hatsue. Hakuwa na digrii yoyote. Alikulia katika duka la tofu la wazazi wake, mtaa wa Nagata, na tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akiinua tofu laini kutoka majini kwa kiganja bila kuivunja. Wageni walipomuuliza Profesa siri ya mafanikio yake, aliwahutubia saa nzima kuhusu jeni. Siri yenyewe ilikuwa imesimama nyuma yake, ina miaka sitini na moja, imevaa viatu vya mpira, na ilijua kumimina kimiminika bila kukishtua.

Duka la tofu alibaki nalo dada yake mkubwa, Sumie, mwanamke ambaye adabu ilipita mbele ya nyumba yao siku aliyozaliwa ikaona bora iendelee na safari. Sumie alikuwa na haja moja tu duniani: aende Kinosaki na mdogo wake, waoge maji ya moto ya chemchemi katika nyumba zote saba za kuogea, wale kaa mpaka mishipi ya kanzu za hoteli igome kufunga. Msimu wa kaa huisha tarehe ishirini Machi. Mara mbili alikuwa ameweka nafasi hotelini na mara mbili akafuta. Mwaka wa kwanza seli zilikuwa zinageuka kuwa jicho. Mwaka wa pili zilikuwa zimekataa kugeuka. Sasa alikuwa ameweka nafasi ya tatu, tarehe kumi na sita Machi, kwa siku tatu, na alimpigia simu mdogo wake kumweleza masharti.

"Safari hii usipokuja naenda na mjane wa yule muuza samaki," alisema. "Na kaa wako atakula yeye. Anakula kwa sauti, lakini angalau anakuja."

Kwa hiyo roboti ilipoletwa mwezi Novemba, na maabara nzima ikatembea kwa vidole vya miguu ikidhani Mama Kuramochi atalia kwa kunyang'anywa kazi, Mama Kuramochi alikuwa karibu kuibusu. Ilikuwa na mikono miwili mirefu myeupe, kiuno, na haikuwa na kichwa. Kwa vile ilikuwa mashine ya tano kununuliwa, waliiita Goro, jina la mtoto wa tano wa kiume. Baada ya wiki moja ikawa Bwana Goro, kwa sababu mashine ya bei ile huwezi kuiita kienyeji.

Aliyepewa kazi ya kuifundisha alikuwa Daktari Shibayama, kijana wa miaka thelathini na moja, mpole kiasi cha kuomba radhi milango aliyoifunga kwa nguvu. Alimvalisha Hatsue glavu zenye nyaya, akamwekea kamera tatu, akazirekodi nyendo zake kwa wiki tatu. Goro angeiga kila kitu: pembe ya kiganja, kasi ya pipeti, ule mrija wa kufyonza na kumimina, hata kidole kidogo cha kushoto kilichosimama peke yake kama kinaitisha teksi.

Ndipo Shibayama alipokutana na jambo lililomnyima raha siku mbili. Kila Hatsue alipotoa kisahani kwenye kabati la joto na kukiweka mezani, aliondoa mikono, akakiinamia kidogo kwa heshima na kukiambia, "Poleni na kazi." Kisha akaanza kumimina. Kwa visahani arobaini, alifanya hivyo mara arobaini. Mwenyewe hakuona ajabu. Ndivyo alivyomwambia mlinzi wa getini, wenzake jioni, na lifti ilipomfikisha ghorofa ya sita.

Mtu wa nchi nyingine angeuliza tu. Shibayama alipima. Kumuuliza mama wa umri ule kwa nini anaviinamia visahani kulikuwa sawa na kumuuliza analala na nguo gani. Yalikuwa mambo yake ya ndani. Kwa heshima zote, bila kumwambia mtu, akazifuta zile sekunde nne katika mafunzo ya Goro, akaona amemsitiri mama wa watu.

Desemba Goro alianza kazi. Desemba hiyo hiyo seli zikaanza kufa.

Hazikufa zote. Zilichanika pembezoni kwanza, kama karatasi iliyolowa, kisha utando wote ukabanduka na kuelea. Shibayama alimfuata Hatsue na boksi la vikeki vya maharage matamu, akainama mpaka nywele zikamfunika uso, akaomba radhi. Hatsue naye akainama, akasema kosa ni lake, hakika mikono yake ilikuwa inafundisha vibaya. Profesa akatoka ofisini akawainamia wote wawili, akasema kosa ni lake kwa kuwaharakisha. Wakala vikeki. Wiki iliyofuata seli zikafa tena, na vikeki vikaletwa tena. Kufikia Februari vilikuwa vimekufa visahani arobaini na sita, sketi ya Hatsue haifungi, na muuza vikeki wa stesheni alikuwa ameshamshauri Shibayama kwamba kwa mke wa aina hiyo, heri aachane naye.

Katikati ya radhi hizo zote, Hatsue alijua kuna kitu hakiko sawa. Alisimama nyuma ya kioo akimtazama Goro, na kilikuwa kioja kujiona umekuwa mikono miwili ya plastiki. Alikiona kidole chake kidogo. Akaona kwamba baada ya kila kisahani cha nane mkono wa kulia ulipanda juu, pale ambapo uso ungekuwepo, ukasugua hewa. Ilikuwa pua yake. Alikuwa anajikuna pua kwa kifundo cha mkono, na Shibayama, akidhani hiyo ni siri ya ufundi, alikuwa ameihifadhi kwa uaminifu wote.

Hatsue aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Halafu akaona kuinama hakupo. Akahesabu mambo kimya kimya: pua imebakizwa, salamu imefutwa. Basi kijana ameiona ya kipuuzi. Akisema sasa, atakuwa anamshtaki mbele ya Profesa kwamba kazi yake ina kasoro, na juu yake atakiri kwamba kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akiongea na macho ya watu saa za kazi. Akanyamaza. Akarudi kulisha mwenyewe visahani vilivyobaki, na vikapona, jambo lililofanya kila mtu aombe radhi upya.

Siku ya mwisho ya Februari alimpigia dada yake kumwambia kwamba Kinosaki haitawezekana. Alitumia dakika kumi na moja kulisema hilo bila kutumia neno "haitawezekana". Sumie alikata simu. Baada ya saa moja na nusu alikuwa kwenye ukumbi wa wageni wa maabara, kule wanafunzi wa shule wanakopitishwa kutazama kwa kioo, bado amevaa aproni ya duka na buti za maji.

"Nionyeshe huyo anayenilia kaa wangu," alisema.

Hatsue alimwelekeza kwa macho. Profesa na Shibayama walikuja mbio kumkaribisha mgeni, wakainama, na kwa vile Sumie hakuinama walibaki chini muda mrefu kidogo kuliko kawaida, hawajui watokeje. Nyuma ya kioo Goro alitoa kisahani kwenye kabati, akakiweka mezani, na papo hapo akakiinamisha upande na kuanza kufyonza chakula cha jana. Kimiminika chenye rangi ya waridi kilikuwa bado kinayumba.

Sumie aliweka pua kwenye kioo. "Mbona hasalimii?"

Profesa na Shibayama walimgeukia Hatsue.

"Wewe hata jiko la wali unalisalimia," alimwambia mdogo wake. "Kwani hukumfundisha?" Kisha akamgeukia Shibayama. "Kijana, marehemu mama yetu alikuwa anatupiga mikono kwa hili. Tofu ukiiweka mezani unaiacha kwanza itulie. Ukiikata maji yakiwa yanacheza, inapasuka pembeni. Huyu wako hana subira wala hana mama."

Shibayama alianza kuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu.

"Niliifuta," alisema hatimaye, akimwangalia Hatsue viatu. "Ile salamu ya kuinama. Niliona si heshima kuuliza."

"Nilijua," Hatsue akajibu. "Niliona si heshima kusema."

"Sasa mmeua macho arobaini na sita ya watu," alisema Sumie, "na hakuna hata mmoja wenu aliyekosewa heshima. Hongereni."

Profesa aliitisha kikao. Kwamba kuinama kurudi, walikubaliana kwa dakika mbili. Saa mbili zilizobaki zilikwenda kwenye suala la Goro ainame kwa nyuzi ngapi. Shibayama alipendekeza kumi na tano. Profesa alipinga kwamba kumi na tano ni ya mtu unayepishana naye koridoni, na mwenye deni la visahani arobaini na sita hawezi kushuka pungufu ya arobaini na tano, ambayo ndiyo ya radhi. Wakajaribu arobaini na tano, Goro akagonga kioo. Wakaafikiana thelathini, ya kumpokea mgeni wa heshima. Hatsue alipoulizwa maoni alisema kwa sauti ndogo kwamba, kama haitaleta usumbufu, pua inaweza kuondolewa.

Kwa siku kumi na nne Goro aliinama sekunde nne mbele ya kila kisahani, maji yakatulia, na hakuna utando uliobanduka. Shibayama alijaribu pia kumwacha asubiri sekunde nne bila kuinama, na seli zikapona vilevile. Aliandika matokeo hayo kwenye daftari, akalifunga, na kumrudishia Goro kiuno chake.

Tarehe kumi na saba Machi, saa nne asubuhi, Hatsue alikuwa Kinosaki, ndani ya maji ya moto mpaka kidevuni, taulo kichwani, na miguu mitano ya kaa tumboni. Kabla ya kuingia alikuwa amepokea video kutoka maabara, naye akaitazama mara tatu katika chumba cha kuvulia nguo. Goro aliweka kisahani mezani, akainama. Pembeni yake Shibayama naye aliinama. Nyuma yao alikuwa Profesa, aliyekuwa akipita tu kwenda kuchukua chai, na yeye akainama, akabaki chini akisubiri mashine inyanyuke kwanza.

"Unachekea nini?" Sumie aliuliza.

Hatsue alisema hamna kitu. Kisha akapanda ngazi za bwawa, akageuka kuyatazama maji, akaondoa mikono kwenye kishikio na kuinama.

"Hata hapa?" Sumie alisema. "Rudi ndani, mabafu sita bado."